Atakayepuliza Kwanza Makaburini

Usiku ule wa kuamkia Pasaka mvua ilikatika mapema, nami nililala nikimwonea wivu mtoto wa miaka kumi na miwili.

Nasema hivyo wazi kwa sababu ndoto niliyoota haieleweki bila wivu huo. Jina la mtoto ni Atupele. Mimi naitwa Lusajo. Nina miaka kumi na tisa, niliishia darasa la saba, na kazi yangu ni kuchuma chai kwenye mashamba ya watu. Si mtu wa maneno. Nikisimama mbele ya watu ulimi unakauka, na hata nikitumwa dukani nikakuta watu wamejaa, huwa nasubiri nje mpaka waishe. Kitu pekee ninachoweza kusemea mbele ya watu ni tarumbeta.

Hapa kwetu milimani, upande wa Rungwe, Pasaka inaanzia makaburini. Watu wanaamka kukiwa bado giza, wanapanda na taa mpaka kwenye makaburi ya kanisa, na kila mtu anasimama karibu na wafu wake, kimya. Halafu tarumbeta moja linapigwa peke yake, mstari mmoja tu wa wimbo wa ufufuo. Linanyamaza. Ndipo bendi nzima inaingia, na watu wanaimba mpaka jua linachomoza. Mstari ule wa kwanza ndio watu wanaousubiri mwaka mzima. Wako wazee wanaokumbuka nani alipuliza mwaka gani, na kama alipuliza vizuri au aliharibu.

Bendi yetu ni ya watoto. Aliianzisha Mwalimu Anyitike baada ya kustaafu shule ya msingi. Alikuwa mzee mwembamba, mwenye sweta ya kahawia iliyotiwa viraka kwenye viwiko. Matarumbeta yenyewe ni ya zamani, mengine yamebonyea kama sufuria za msibani. Mwalimu alikuwa na taratibu zake. Mtoto hashiki tarumbeta kabla hajaweza kuimba sauti yake kwa mdomo. Mtoto hasafishi tarumbeta lake. Anasafisha la mwenzake, kwa majivu na limao, na Mwalimu anakagua. Na wimbo ukiharibika, Mwalimu anashusha mkono, bendi inanyamaza, yeye anasubiri. Haulizi nani amekosea, ingawa anajua. Anasubiri mpaka aliyekosea anyooshe mkono mwenyewe. Hapo anasema, "Asante. Tuanze upya." Hachapi wala hagombi. Lakini ukimsonta mwenzako kidole, wewe ndiye unayekwenda kukaa nje.

Wazazi walinung'unika. Namkumbuka baba mmoja aliyekuja hadi mlangoni pa kanisa wakati wa mazoezi.

"Mwalimu, hawa watoto unawapulizisha mabati tu. Nani atawaajiri?"

"Mwanao amewahi kukwambia kwa mdomo wake mwenyewe kwamba amevunja chungu?" Mwalimu akamuuliza.

Yule baba akafikiri. "Juzi. Nilishangaa hata fimbo nikasahau kuitafuta."

"Basi ndiyo hayo mabati."

Watu wakacheka, na yeye mwenyewe akacheka. Mwalimu alikuwa akisema kwamba Neno watoto wanalisoma kwa Mchungaji, na kwake wanalifanyia mazoezi. Kusubiri zamu yako, kumsikiliza aliye kushoto kwako, kunyamaza wakati mwenzako anaimba sauti ya juu, hayo yote kwake yalikuwa ni imani, tena imani ngumu kuliko kufunga macho na kuomba.

Mimi nilianza nikiwa na miaka tisa. Shuleni walikuwa wananiita Bubu. Mwalimu alinitazama tu akasema, "Huyu tumpe tarumbeta, maneno yatamfuata." Maneno hayakunifuata sana, lakini tarumbeta lilinikubali.

Kila mwaka, baada ya ibada ya Ijumaa Kuu, Mwalimu alikuwa akipita katikati yetu na kuweka mkono kwenye bega la atakayepuliza kwanza makaburini. Hakusema neno, mkono ulitosha. Na kila mwaka mimi nilisimama mahali ambapo mkono wake ungenifikia kwa urahisi. Aliweka kwenye bega la huyu, mwaka mwingine la yule. Nilikua, nikawapita wote kwa kupuliza, nikawa msaidizi wake, nikawafundisha wadogo, na bado mkono haukutua kwangu. Tukibaki wawili tukifunga stoo aliniambia, "Mwakani, mwanangu." Mwaka jana pia alisema, "Mwakani."

Alikufa kabla ya Krismasi, kwa ugonjwa wa kifua. Tumemzika juu kule kule, mwisho wa mstari wa makaburi. Kwa hiyo mwaka huu ndio ulikuwa mwakani wangu. Tena sikutaka sifa tu. Siku ya maziko watu walisimama mmoja mmoja wakamsema vizuri, mimi nikaitwa nikashindwa kufungua mdomo. Nilijiambia nitamuaga siku ya Pasaka, kwa mstari ule mmoja, juu ya kaburi lake.

Kamati ya muziki ikaniita. Mchungaji ndiye aliyesema.

"Lusajo, wewe sasa ndiye unayewafundisha watoto, na tunakushukuru. Tumefikiri Atupele aanze makaburini. Anapopuliza yule binti, watu wanatulia. Unasemaje?"

Nilikuwa na maneno mengi. Nikasema, "Sawa."

Njiani watoto walikuwa wamekwisha kusikia. "Kaka Lusajo, mwanafunzi wako kakupita!" Walisema kwa utani, wala hawakujua walikuwa wananichoma wapi. Nyumbani mama alinitazama nikila, akasema, "We, mbona umenuna kama mtu aliyenyimwa minofu kwenye harusi?"

Atupele anaishi na bibi yake ng'ambo ya mto. Ana pengo la jino mbele na anacheka ovyo. Alianza juzi juzi tu, na vitu vilivyonichukua mimi miaka, yeye vilimchukua miezi. Ana kosa moja tu: akivuta pumzi anapandisha mabega. Pumzi inakaa juu, haishuki tumboni, na mwisho wa mstari inamwishia. Ndani ya kanisa, mchana, kosa hilo halionekani sana. Lakini makaburini alfajiri kuna baridi, na baridi ingemmaliza mbele ya kijiji kizima.

Nililiona kosa hilo siku ya kwanza. Nikamwambia, "Vizuri."

"Kaka Lusajo, kweli hakuna cha kurekebisha?"

"Hakuna. Vizuri sana."

"Mbona mwishoni pumzi inaniishia?"

"Utazoea."

Kila mazoezi nilimwambia vizuri. Hakuna mtu angeweza kusema nimemfanyia ubaya, nilikuwa namsifu kuliko wenzake wote. Bibi yake aliwahi hata kunitumia ndizi za kuchoma kwa jinsi ninavyomtia moyo mjukuu wake. Nikazila.

Hivyo ndivyo nilivyolala.

Ndoto yenyewe ilianza mchana, kanisani. Nimekaa kwenye benchi la watoto, magoti yamenifika kifuani kwa ufupi wa benchi, nasafisha tarumbeta. Watoto wote wapo, wanasafisha, hakuna anayesema. Najua kwamba hili ninalosafisha ni la Atupele, na kila nikisugua linazidi kuwa jeusi. Mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia Mwalimu Anyitike.

Nilijua kwamba amekufa. Nilikuwa mmoja wa waliobeba jeneza lake, na bega langu lilikumbuka uzito. Lakini sikushtuka. Suruali yake ilikuwa imelowa kwa chini, kama ya mtu aliyepita kwenye majani yenye umande, na sweta ilikuwa ile ile. Nilifurahi. Nikajisogeza kwenye benchi nimpe nafasi.

Akanipita.

Alikwenda mpaka mwisho wa benchi, akakaa karibu na Atupele. Akachomoa kipande cha mdomo cha tarumbeta alilolishika yule mtoto, akakifuta kwa pindo la sweta yake, polepole, akakipuliza vumbi, akakifuta tena. Miaka yote niliyokaa naye hakuwahi kunifutia. Kipande changu kikiwa kichafu alikuwa akiniambia, "Peleka mtoni." Sasa anamfutia Atupele, na Atupele anachezesha miguu, anamwongelesha kama mtoto anavyomwongelesha babu yake, na Mwalimu anaitikia kwa kichwa. Nategea sikio, sisikii hata neno.

Wivu niliolala nao ulinifuata huko huko. Mzee amerudi kutoka kwa wafu, na mimi natazama amekaa na nani.

Nikataka kuinuka. Benchi likawa kigoda, na kigoda kiko jikoni kwetu, na moto unawaka. Mama anageuza ndizi kwenye makaa. Mwalimu amekaa mkabala nami, anapuliza ndizi ya moto kati ya vidole vyake, anaihamisha mkono huu kwenda mkono ule kama alivyokuwa akifanya tulipomkaribisha. Mama hashangai kumwona.

"Mwalimu," mama anasema, "huyu mtoto wako amenuna mpaka chai yangu inachacha."

"Mwache," Mwalimu anasema. "Anakula."

Mama ananitazama. Mikono yangu ni mitupu, sina ndizi wala kikombe. "Anakula nini?"

Mwalimu anamenya ndizi yake. Lakini mimi naona kwamba taya zangu zinatafuna. Natafuna kweli, nimekuwa nikitafuna muda wote huo, na mdomoni hamna kitu. Najaribu kuzuia taya, zinaendelea. Nageuza uso ukutani wasinione.

Nilipougeuza tena, moshi wa jikoni ulikuwa ukungu, na tulikuwa makaburini.

Hakukuwa na giza wala jua. Ulikuwepo ule mwanga wa kabla ya mvua, ambao unafanya majani ya chai yaonekane mabichi kupita kiasi. Wafu wamekaa, kila mmoja juu ya tuta lake, kama watu wanaosubiri mkutano uanze. Wengine wamejifunga vitenge, wengine wamevaa makoti ya zamani. Hawatishi. Wametulia tu, na wote wametazama upande wa bendi. Tuta la mwisho ni tupu, kwa sababu mwenyewe amesimama mbele yetu, ameinua mkono.

Atupele anaanza. Anavuta pumzi, mabega yanapanda mpaka masikioni. Sauti inatoka nzuri, inakwenda juu ya vichwa vya wafu, nami nauma meno kwa uzuri wake. Halafu mwisho wa mstari pumzi inamwishia. Sauti inakatika kama kamba ya ndoo, na ndoo inaanguka kisimani, nikaisikia ikigonga maji.

Mwalimu akashusha mkono. Bendi kimya.

Atupele akanyoosha mkono mara moja, kama alivyofundishwa. Mkono wake mwembamba uko juu. Ninasubiri kusikia "Asante. Tuanze upya."

Mwalimu hasemi. Anaendelea kusubiri.

Atupele ananyoosha mkono zaidi, akidhani hajaonekana. Mwalimu amemwona. Anasubiri. Watoto wanatazama miguu yao. Wafu wanasubiri pia, hakuna anayekohoa, hakuna anayegeuka, na katika kimya kile mimi nikaelewa polepole, kama mtu anayeloa kwa manyunyu, kwamba mkono unaosubiriwa si ule.

Nikasema moyoni: mimi sijakosea. Mimi sijapuliza hata mara moja.

Mwalimu anasubiri.

Nikasema moyoni: nilimsifu. Kila mtu alisikia nikimsifu.

Anasubiri. Hanitazami hata kidogo, anatazama chini kama alivyokuwa akifanya ili asimwaibishe mtu. Mkono wangu ulikuwa mzito kama gunia la majani mabichi siku ya mvua. Niliunyanyua hadi kifuani, nikaunyanyua hadi usawa wa sikio. Zaidi ya hapo ulikataa.

"Asante," Mwalimu akasema. "Tuanze upya."

Hakugomba. Na hilo ndilo hasa lililonikasirisha. Angenigombeza ningemjibu, jibu nilikuwa nalo tangu kikao cha kamati. Nikaona wale wengine wanainua matarumbeta yao tayari kuanza, kana kwamba mambo yamekwisha, na ghafla ulimi wangu uliokauka miaka yote ukalowa.

"Mwalimu, uliniambia mwakani!"

Nilisema kwa sauti. Wafu wote wakanigeukia. Sijawahi kusema kwa sauti namna hiyo mbele ya watu, walio hai au waliokufa. "Uliniambia mwakani, kila mwaka. Mimi nilikuwa nafunga stoo na wewe. Mimi ndiye niliyekubeba. Huyu amekuja juzi tu. Kwa nini si mimi?"

Mwalimu akaja mpaka niliposimama. Kwa karibu alikuwa ananukia limao. Akanipa tarumbeta, likiwa jeupe, halijabonyea hata mahali pamoja.

"Haya," akasema. "Puliza."

Nikapuliza.

Siwezi kueleza sauti iliyotoka. Nimepuliza miaka kumi na sijawahi kuisikia. Mstari ule wa kwanza ukatoka wote, mrefu, safi, na pumzi ilikuwa bado imejaa tumboni, kwa hiyo nikaunganisha mstari wa pili. Nikaona watoto wamesogeza matarumbeta mdomoni wakitaka kuingia. Nikasema ngoja kidogo, sijamaliza. Nikaenda mstari wa tatu. Utamu ule sikutaka ukatike. Namuaga Mwalimu, namwonyesha, nawaonyesha kamati nzima ingawa haipo, namwonyesha Atupele. Nazunguka, narudi mwanzo, naenda tena. Na watoto wamesimama vile vile, matarumbeta mdomoni, mashavu yamejaa pumzi, wanatafuta mahali pa kuingia na hakuna. Mdogo kuliko wote alianza kutokwa na machozi kwa kushikilia pumzi. Namwona. Naendelea kupuliza.

Halafu nikatazama wafu. Walikuwa wamekuja kuimba. Midomo yao ilikuwa imefunguka kidogo, kama ya mtu anayesubiri neno la kwanza. Wimbo wa ufufuo ulikuwa wao, na mimi sikuwaachia upenyo hata wa neno moja.

Nilitaka kunyamaza. Sikuweza. Tarumbeta lilikuwa linanivuta pumzi lenyewe.

Mwalimu akanyoosha mkono akaziba mdomo wa tarumbeta kwa kiganja, taratibu, kama mama anavyofunika chungu. Kukawa kimya.

"Umeshiba?" akaniuliza.

Nikajichunguza. Nilikuwa nimepuliza peke yangu mbele ya wote, kwa sauti ambayo sitaipata tena, na ndani yangu palikuwa vile vile kama pale jikoni, taya zinatafuna na hamna kitu.

"Hapana, Mwalimu."

Akatikisa kichwa. Hakunicheka. "Kila mwaka," akasema, "nilikuwa nangoja mahali utakapowaachia wenzako."

Niliona aibu, nikatazama viraka vya viwiko vyake. Vilikuwa vimeshonwa kwa uzi mweusi na mweupe, na kimoja kilikuwa kimeanza kuachia. Nilitaka kumwambia nitamshonea. Nilitaka kusema mengi. Akanitangulia.

"Mwambie Atupele ashushe mabega."

Hayo tu. Amekuja kutoka huko aliko, na neno alilokuja nalo ni la Atupele. Wivu ukanipanda upya, mbichi kabisa, baada ya yote hayo niliyoyaona.

"Mwambie mwenyewe," nikasema. "Si mmekaa naye benchi moja? Si umemfutia?"

Hapo Mwalimu akacheka, cheko lake lile la puani, mabega yakitikisika.

"Atupele amelala kwao," akasema. "Mimi nimekuja kwako."

Nikageuka kumtazama Atupele. Mahali aliposimama palikuwa na majani tu. Watoto hawakuwepo. Wafu walikuwa wakiinuka mmoja mmoja, wakipangusa nguo zao udongo, kama watu wanaojiandaa kwenda mahali. Mwalimu naye alianza kurudi nyuma kuelekea mwisho wa mstari. Nikamfuata nikikimbia, na kadiri ninavyokimbia nyasi zinanishika miguu.

"Na mimi, Mwalimu? Neno langu mimi ni lipi?"

Hakusimama. Alisema akiwa anakwenda, bila kugeuza uso, lakini nilimsikia vizuri kuliko alivyowahi kusikika mazoezini.

"Wewe nimekutuma."

Nikaamka.

Mama alikuwa anagonga mlango wa chumba changu kwa kijiko. "We Lusajo! Watu wanapita na taa, mwenye bendi umelala? Unataka wafu wakuamshe wao?"

Nilikaa kitandani. Nje nilisikia miguu kwenye tope na watu wakisalimiana kwa sauti za chini. Nilidhani nitaamka wivu ukiwa umeondoka, kama inavyosimuliwa katika shuhuda kanisani, mtu anaota na asubuhi ni mtu mwingine. Haukuondoka. Ulikuwepo kifuani, mahali pake pale pale. Nikavaa nao viatu.

Nikawaza pia jambo baya. Niliwaza kwamba ndoto ni yangu. Nikiuacha ujumbe ule humo chumbani, hakuna atakayejua kwamba nilitumwa. Atupele atapanda, ataishiwa pumzi, watu watamhurumia, na mwakani kamati itakumbuka kwamba Lusajo yupo. Nilisimama mlangoni nikiwa nimeshika komeo. Nikaona kwamba tayari nimeanza kutafuna.

Nikafungua, nikaenda. Sikufuata njia ya makaburini, nilishuka mtoni, nikavuka kwenye gogo, nikapanda hadi kwa bibi yake Atupele. Walikuwa jikoni, taa imewashwa. Atupele amesimama katikati na sare yake nyeupe, ameshika tarumbeta kwa mikono miwili, mabega yako juu hata bila kupuliza.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, karibu. Afadhali umekuja, huyu tangu jana hali. Anasema uji unagoma kooni. Mwambie wewe, labda atakusikia."

"Atupele," nikasema.

"Abee, kaka."

Ulimi ukaanza kukauka. Nikayatoa maneno kwa nguvu. "Nimemwota Mwalimu."

Bibi akaweka upawa chini. Atupele hakupepesa macho.

"Amenituma kwako. Amesema ushushe mabega."

Bibi ndiye aliyejibu. "Anyitike atoke huko aliko, aje kusema habari za mabega tu?" Akacheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Basi ni yeye. Mwingine angeleta habari za mbinguni."

"Ni kweli unayapandisha," nikamwambia Atupele. "Nimeliona kosa hilo tangu siku ya kwanza. Sikukwambia kwa sababu nilitaka kuanza mimi." Nilikuwa natazama moto nikisema hivyo. Bibi aligeuka akanitazama, na sikuthubutu kumtazama. "Vuta pumzi chini, tumboni, kama mtu anayetaka kucheka. Hivi."

Nikamwonyesha kwa mwili wangu. Akajaribu, mabega yakapanda. Akajaribu tena. Nikamwambia acheke, akacheka, nikamwambia, "Hapo hapo, ndipo pumzi inapokaa." Akavuta nyingine, mabega yakabaki chini, akaiachia bila tarumbeta, kwenye moto, polepole. Ikatoka ndefu. Makaa yakawaka mekundu, yakaendelea kuwaka, na pumzi haijaisha.

"Na ukimaliza mstari," nikasema, "nyamaza. Nyamaza kabisa, wenzako waingie."

"Ndiyo, kaka."

Tukatoka. Bibi alibaki akitafuta shali yake. Uani Atupele akasimama, akanivuta mkono wa koti.

"Kaka Lusajo. Alinitaja jina?"

Ningeweza kusema kwamba Mwalimu alisema "yule binti" tu. Hata hilo lingenisaidia kidogo. Taa yangu ilikuwa inamulika uso wake, na uso wake wote ulikuwa unangoja.

"Alikutaja," nikamwambia. "Alisema Atupele."

Akatabasamu mpaka pengo likaonekana. Nikamwonea wivu tena, nikashika taa mbele yake aone njia, tukaanza kupanda.